Mashine Inakumbuka Nini? Kujifunza Otomata kwa Kufanya Maswali

Nadharia ya ukokotozi ina jina baya vyuoni. Mwanafunzi wa kompyuta aliyezoea kuandika programu na kuona matokeo papo hapo anaingia darasani mwaka wa pili au wa tatu, anakuta ubao umejaa alama za Kigiriki, hakuna kompyuta iliyowashwa, na mtihani unadai uthibitisho badala ya jibu. Wengi wanaamua kukariri. Wanakariri kwamba otomata ni orodha ya vitu vitano, wanakariri hatua za lema ya pampu, wanafaulu, na siku ya mahafali ikifika hawakumbuki chochote.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kulielewa somo lenyewe, awe yuko chuoni au anajisomea jioni baada ya kazi. Nitasisitiza jambo moja. Anza na maswali, nadharia ifuate. Na kila swali liulize hivi: mashine itakayolijibu inalazimika kukumbuka nini? Ukilishika hilo, otomata, lugha fomali na ugumu wa ukokotozi hayatakuwa masomo matatu yaliyobanwa kwenye jalada moja. Utaona ni swali lilelile, linaulizwa kwa mashine zenye kumbukumbu tofauti.

Vifaa ni vichache: daftari, penseli (si kalamu, maana utafuta sana), na kitabu kimoja chenye maswali ya kutosha. Mimi humpendekezea anayeanza kitabu cha Michael Sipser, kwa sababu kila sura imetenganisha mazoezi mepesi na matatizo mazito, yale magumu kupindukia yamewekewa nyota, na baadhi yana majibu mwishoni mwa sura. Kitabu cha Hopcroft na Ullman cha mwaka 1979 kina kina zaidi lakini hakimbembelezi msomaji. Chagua kimoja. Anayekusanya vitabu vitano husoma sura ya kwanza mara tano. Hesabu unayohitaji ni seti, mantiki ya msingi, na uthibitisho kwa induksheni. Kama induksheni imekutoka, irudie kwanza kwa siku mbili tatu, kwani bila hiyo utakwama kila ukurasa.

Kumbukumbu ndogo

Chukua huduma ya kutuma pesa kwa simu. Tuseme ukikosea namba ya siri mara tatu mfululizo, akaunti inafungwa. Tuandike s kwa jaribio sahihi na k kwa kosa. Mashine inayosimamia kanuni hii inapokea mfuatano kama s k k s k k k, nasi tutauita tungo. Inalazimika kukumbuka nini? Si namba ulizobonyeza, wala kiasi ulichotuma, wala umekosea mara ngapi tangu ununue laini. Inakumbuka idadi ya makosa mfululizo hadi sasa: sifuri, moja, mbili, au imeshafungwa. Basi chora miduara minne, chora mishale ya s na ya k kutoka kila mduara, na umemaliza otomata yako ya kwanza. Kila mduara ni hali, na hali ni jibu la swali la kumbukumbu.

Swali la pili ni la kale na bado halina mpinzani kwa kufundishia. Unasomewa namba iliyoandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu, tarakimu moja moja kutoka kushoto, na mwishoni useme kama inagawanyika kwa tatu. Namba inaweza kuwa na tarakimu milioni moja, kwa hiyo kuitunza yote haiwezekani. Kaa nalo kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Kinachotosha ni baki. Kama baki la ulichosoma hadi sasa ni r na tarakimu inayofuata ni d, baki jipya ni baki la 2r + d ukigawa kwa tatu. Hali tatu, basi. Jaribu 110, yaani sita: baki linakwenda 1, kisha 0, kisha 0, na mashine inakubali.

Sasa fanya hivyohivyo kwa nne. Mtu wa haraka atachora hali nne, na otomata yake itakuwa sahihi. Lakini tazama baki 1 na baki 3: ukisoma 0 zote mbili zinakwenda kwenye 2, ukisoma 1 zote zinakwenda kwenye 3, na zote mbili ni hali za kukataa. Hakuna tungo yoyote ya mbeleni itakayozitofautisha. Kwa nini basi uzitunze kando? Ziunganishe, zibaki hali tatu. Kisha fanya ya sita mwenyewe. Usishtuke ukiishia na hali nne, ila hakikisha unaweza kueleza kwa nini tatu hazitoshi.

Hapo tayari umegusa nguzo ya somo zima, aliyoithibitisha John Myhill mwaka 1957 na Anil Nerode mwaka 1958: vipande viwili vya mwanzo vinaweza kushiriki hali moja endapo mustakabali wao ni mmoja, yaani kila nyongeza inayokikubalisha kimoja inakikubalisha na kingine. Idadi ya makundi hayo ndiyo idadi ndogo kabisa ya hali. Vitabu vingi huchelewesha jambo hili au kuliweka kwenye matatizo ya mwisho wa sura. Kwa maoni yangu lingepaswa kufundishwa wiki ya kwanza.

Tabia moja ya kujijengea mapema: kabla ya kuchora, andika tungo tano zinazopaswa kukubaliwa na tano zinazopaswa kukataliwa, tungo tupu ikiwa mojawapo. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kusahau tungo tupu. Na kama unajua kuandika programu, itumie: tengeneza tungo zote za a na b zenye urefu usiozidi 8, ziko 511 tu, uzipitishe kwenye otomata yako na kwenye kanuni uliyopewa, uone zinapopishana. Kwa wanaopenda kuchora kwenye skrini, programu ya bure ya JFLAP, iliyotoka kwa Susan Rodger na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Duke, itakuendeshea mashine hatua kwa hatua. Ila chora kwa mkono kwanza.

Kitenzi chetu kama uwanja wa mazoezi

Una mali ambayo waandishi wa vitabu hivyo hawana: lugha ambayo vitenzi vyake vimejengwa kwa vipande vinavyopangana kwa zamu. Tu-na-som-a, wa-li-pik-a, ni-ta-andik-a. Jipe nafsi sita, njeo nne na mizizi mitatu, uchore otomata inayokubali vitenzi halali tu. Itakuchukua dakika chache.

Kisha ongeza ukanushi, hapo kazi inaanza. “Tunasoma” inakuwa “hatusomi”: njeo imetoweka, kiishio kimegeuka -i. “Hatunasoma” haikubaliki, wala “tunasomi”. Maana yake mashine iliyosoma “ha” mwanzoni na isione njeo inalazimika kubeba habari hiyo kupita mzizi mzima hadi kwenye kiishio. Otomata haina pa kuweka habari. Inachojua ni hali iliyomo, basi. Kwa hiyo utahitaji nakala mbili za mizizi, moja inayoishia -a na moja inayoishia -i. Ukiwa na mizizi elfu tano, unaiandika mara mbili kwa sababu ya biti moja ya kumbukumbu. “Hatutasoma” nayo inarudi kwenye nakala ya kwanza, kwa kuwa njeo imeonekana. Ukimaliza zoezi hili utakuwa umeona kwa macho gharama ya kukumbuka jambo la mbali, na ni jambo ambalo mifano ya a na b haionyeshi vizuri.

Kuna utamu zaidi. Soma “hu” mwanzoni mwa neno. Je, ni hu- ya mazoea, kama katika “husoma kila siku”, au ni ukanushi wa nafsi ya pili, kama katika “husomi siku hizi”? Huwezi kujua mpaka herufi ya mwisho. Chora basi njia panda: baada ya “hu” mshale mmoja unaelekea kwenye mazoea, mwingine kwenye ukanushi, na mashine inazifuata njia zote mbili kwa pamoja. Neno likifika salama kwa njia mojawapo, limekubaliwa. Hiyo ndiyo otomata ya njia panda, inayowatisha wengi darasani, nawe umekuwa ukiiendesha kichwani tangu utotoni. Weka na kitenzi “jibu”, ambacho kiishio chake hakibadiliki. “Hujibu” inafika mwisho kwa njia zote mbili: huwa anajibu, na wewe hutoi jibu. Neno moja, safari mbili halali.

Je, njia panda zinaiongezea mashine uwezo? Michael Rabin na Dana Scott walilijibu mwaka 1959, katika makala iliyowaletea Tuzo ya Turing mwaka 1976: hapana. Badala ya kukumbuka uko hali gani, kumbuka seti ya hali zote unazoweza kuwamo. Kila seti inakuwa hali moja ya otomata mpya isiyo na njia panda. Uwezo ni uleule, bei ndiyo inayopanda, kwani hali n zinaweza kuzaa seti 2ⁿ. Usiliamini hilo kwa maneno. Fanya swali hili. Kubali tungo ambazo herufi ya kumi kutoka mwisho ni a. Yenye njia panda inahitaji hali 11: inabahatisha kwamba a hii ndiyo yenyewe, kisha inahesabu tisa zilizobaki. Isiyo na njia panda inalazimika kukumbuka herufi kumi za mwisho, na hali zake hazipungui 1,024. Ili kuthibitisha, chukua tungo mbili tofauti zenye herufi kumi kila moja, tafuta nafasi zinapotofautiana, kisha ziongezee zote mbili herufi za kutosha kuisukuma nafasi hiyo iwe ya kumi kutoka mwisho. Moja itakubaliwa, nyingine itakataliwa, hivyo haziwezi kuwa katika hali moja.

Kazi ya vitenzi haikubaki zoezi la daftarini. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alionyesha namna ya kuchambua maumbo ya maneno kwa mashine za hali chache, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akaitumia njia hiyo kujenga SWATWOL, programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili.

Anayependa ushairi ajaribu otomata ya kuhakiki mizani nane katika kipande. Kuhesabu hadi nane ni kumbukumbu yenye kikomo, kwa hiyo inaonekana rahisi. Lakini “mbaya” katika “nyumba mbaya” ina mizani mbili, na katika “mtu mbaya” ina tatu, huku herufi ni zilezile. Ndiyo sababu kila tatizo huanza kwa kuamua alfabeti: mashine itasoma herufi, silabi au vipande vya neno? Ukikosea hapo, hakuna uchoraji utakaokuokoa.

Kuthibitisha kwamba haiwezekani

Hapa ndipo wengi hulikimbia somo. Kujenga mashine ni rahisi kuhalalisha: hii hapa, ijaribu. Kusema hakuna mashine ya aina hiyo, si leo wala kesho, kunahitaji hoja ya aina nyingine.

Swali la kawaida: tungo zenye a kadhaa zikifuatwa na b za idadi ileile. Jiulize lilelile. Baada ya kusoma a peke yake, unalazimika kukumbuka nini? Idadi yake, kamili. Sasa iandike kama uthibitisho. Chukua tungo a, aa, aaa na kuendelea. Ukichagua mbili zozote, yenye a mara i na yenye a mara j, ziongezee zote b mara i: ya kwanza inakubaliwa, ya pili inakataliwa. Hivyo hakuna mbili zinazoweza kushiriki hali, na hali zitakuwa nyingi bila kikomo. Sentensi tatu. Hakuna zaidi.

Linganisha na lema ya pampu, njia ya vitabuni ya kuthibitisha jambo hilohilo, ambayo inakudai ukumbuke nani anachagua urefu, nani anachagua tungo, nani anaigawa na nani anarudufu kipande cha kati, kwa mpangilio huohuo bila kupindua. Wanafunzi hupoteza alama kwa kuchagua wenyewe mgawanyo ambao si haki yao kuchagua. Isitoshe, ziko lugha, yaani mikusanyo ya tungo, ambazo hazina otomata na bado zinatimiza masharti ya lema hiyo, wakati kipimo cha Myhill na Nerode hakikosei upande wowote. Jifunze lema kwa sababu mtihani utaiuliza, lakini fikiri kwa kutofautisha.

Fanya haya matatu kwa mpangilio: tungo zinazosomeka sawa kutoka kushoto na kulia, tungo za a pekee ambazo urefu wake ni 1, 4, 9, 16 na kuendelea, na tungo za a na b ambamo “ab” inatokea mara sawa na “ba”. Mawili ya kwanza hayana otomata. La tatu ni mtego, nawe usilikimbilie kulithibitisha. Andika tungo kumi za aina hiyo, utazame herufi ya kwanza na ya mwisho.

Rundo na kioo

Ipe mashine rundo: kitu cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa. Kila a unaiweka, kila b inatoa moja, na swali la a na b limekwisha. Upande wa sarufi, yaani kanuni za kuzalisha tungo, moja inatosha: S inakuwa aSb, au inakuwa tupu. Noam Chomsky alizipanga sarufi za namna hii kwa viwango mwaka 1956 akitafuta mfano unaofaa lugha za binadamu, lakini waliozifaidi zaidi ni watengenezaji wa lugha za programu, ambao mabano yao lazima yafungwe kwa mpangilio.

Rundo linarudisha vitu kinyumenyume. Kwa hiyo linamudu kioo, na haliwezi nakala. Katika maneno kama polepole, sawasawa na harakaharaka, nusu ya pili inarudia ya kwanza kwa mpangilio uleule. Kwa msamiati wenye mipaka hakuna tabu, unaorodhesha tu. Lakini lugha ya tungo zote za a na b zilizorudiwa mara mbili, zenye urefu wowote, haina sarufi ya namna hii. Uthibitisho hutumia lema ya pampu ya kiwango hiki, iliyochapishwa na Bar-Hillel, Perles na Shamir mwaka 1961. Hapa lema ina heshima yake, maana kipimo kilichotufaa kwa otomata hakina mwenzake mwepesi hapa.

Sasa zoezi ambalo ningempa mtu mmoja tu kama ningeruhusiwa moja. Tungo ambazo SI nakala, yaani kila tungo isiyogawanyika katika nusu mbili zinazofanana, zina sarufi. Itafute. Karibu kila mtu anasema haiwezekani, kwa sababu inaonekana lazima ukumbuke nusu ya kwanza ili uilinganishe. Dokezo: si lazima uilinganishe yote, inatosha tofauti moja. Na huhitaji kujua katikati ya tungo iko wapi. Fikiria a iliyozungukwa na herufi i kila upande, ikifuatwa na b iliyozungukwa na herufi j kila upande, kisha hesabu umbali kutoka a hadi b na uulinganishe na nusu ya urefu wote. Jipe siku mbili kabla ya kumuuliza mtu.

Mashine ya Turing, na mwelekeo wa hoja

Ipe mashine marundo mawili badala ya moja, nayo inapata uwezo wa mashine ya Turing, ile yenye utepe usio na mwisho na kichwa cha kusomea na kuandikia. Lithibitishe kwa mchoro: rundo la kushoto linashika kilicho kushoto ya kichwa cha kusomea, la kulia linashika kilichobaki. Kutoka hapo kuongeza kumbukumbu hakuleti uwezo mpya. Alan Turing alieleza mashine yake mwaka 1936, na katika makala ileile akaonyesha kwamba kuna maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu.

Usisome uthibitisho wa tatizo la kusimama ukiwa umelala kitandani. Uandike kama programu. Tuseme ipo programu H inayopokea programu yoyote na pembejeo yake na kusema kama itasimama. Andika programu K inayopokea programu P, inaiuliza H kama P ikipewa P itasimama, na ikijibiwa ndiyo inazunguka milele, ikijibiwa hapana inasimama. Ipe K nakala ya K. Fuatilia kwa kidole mistari hiyo minne mpaka ukinzani uuone mwenyewe.

Baada ya hapo kila kitu ni kuhamisha. Una tatizo jipya B na unataka kuonyesha kuwa halina programu. Chukua A unalojua kwamba halina, uonyeshe kuwa mwenye programu ya B angeweza kujibu A. Kosa kuu la wanaoanza ni kugeuza mwelekeo: wanalihamisha tatizo lao kwenda kwenye lile gumu, jambo ambalo halithibitishi kitu, kwa sababu hata jambo jepesi linaweza kufanywa kwa njia ngumu. Andika juu ya ukurasa kabla ya kuanza: nikipewa B, natatua A. Kisha fanya haya: programu hii itawahi kuchapa neno “habari”? Programu hizi mbili hutoa majibu yaleyale daima? Programu hii inasimama kwa walau pembejeo moja? Ukifika la tatu utakuwa unayaona kuwa ndugu.

Wakati unapokuwa haba

Ugumu wa ukokotozi, uliopewa jina na msingi na Hartmanis na Stearns mwaka 1965, hauulizi tena kama inawezekana. Unauliza kwa hatua ngapi, au kwa nafasi kiasi gani, ikilinganishwa na urefu wa pembejeo. Sisitiza urefu. Namba yenye tarakimu 100 ina urefu wa 100. Anayeipima kama ni tasa kwa kugawa kwa kila namba hadi kipeuo chake cha pili anaweza kufika hatua 10⁵⁰. Programu yake ina mistari mitatu na haitamaliza. Ilikuwa mwaka 2002 ndipo Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walipoonyesha njia ya uhakika inayokwenda kwa muda wa polinomia, yaani hatua zisizozidi kipeo fulani kisichobadilika cha urefu huo.

NP haimaanishi “ngumu”. Ni matatizo ambayo mtu akikuletea jibu la ndiyo pamoja na ushahidi, unaukagua upesi. Chukua ratiba ya mitihani: masomo mawili yenye mwanafunzi mmoja wa pamoja hayawezi kuwa saa moja. Ratiba ikishapangwa, kuikagua ni kazi ya dakika. Kuipanga kwa vipindi viwili nako ni rahisi: weka somo moja asubuhi, yanayogongana nalo mchana, yanayogongana na hayo asubuhi, uone kama utakwama. Ongeza kipindi cha tatu, na tatizo linakuwa NP-kamili, yaani miongoni mwa magumu zaidi ya NP. Hakuna ajuaye njia ya haraka ya jumla. Keti na kikundi cha masomo manane uone ni nini kinachopotea kutoka viwili hadi vitatu: kwenye viwili, uamuzi wa kwanza unalazimisha mengine yote, kwenye vitatu, kila hatua inaacha chaguo, na chaguo lazima likumbukwe ili ulirudie.

Stephen Cook aliweka jiwe la kwanza la nadharia hii ya NP-kamili mwaka 1971, na Leonid Levin akafika hapohapo kivyake katika Muungano wa Kisovieti, akachapisha mwaka 1973. Richard Karp mwaka 1972 alihamisha ugumu huo hadi kwenye matatizo 21. Fanya uhamishaji mmoja kwa mikono kabla ya kusoma wa pili: fomula yenye vifungu vya viambajengo vitatu kwenda kwenye grafu. Kila kifungu ni pembetatu ya nodi tatu. Unganisha kila nodi na ile inayoikana popote ilipo. Kisha uliza kama kuna nodi zisizogusana, idadi sawa na vifungu. Anza na vifungu viwili, halafu andika pande zote mbili za hoja. Wengi huandika upande mmoja na kwenda kulala.

Kuhusu kama P, yaani matatizo yanayotatulika kwa muda wa polinomia, ni sawa na NP, swali ambalo Taasisi ya Clay ililiwekea zawadi ya dola milioni moja mwaka 2000, sina ushauri ila kujiepusha nalo kwa sasa. Hata kwamba muda wa polinomia hautoshi kwa kila kinachofanyika kwa nafasi ya polinomia halijathibitishwa bado.

Ukikwama, na utakwama, jipe walau saa moja ya kweli. Andika umekwama wapi kwa sentensi kamili. Mara nyingi sentensi hiyo ndiyo inayofungua. Kisha tazama mstari wa kwanza tu wa jibu, funga, uendelee. Jibu ulilolisoma lote liandike upya baada ya siku tatu bila kulitazama. Mtafute mwenzako mwenye ruhusa ya kukukatiza kila unaposema “ni wazi kwamba”. Programu za akili bandia zitumie kama mkaguzi: zipe uthibitisho wako na uziambie zitafute kasoro, wala usiziombe zikuandikie, maana huandika hoja mbovu kwa sauti ileile ya hoja nzuri.

Na kama umefika hapa unataka kuonja kitu ambacho hakijatatuliwa, rudi kwenye miduara minne. Iite 0, 1, 2, 3. Herufi a inakusogeza mbele hatua moja, kutoka 3 unarudi 0. Herufi b inakuacha ulipo, ila ukiwa 3 inakupeleka 0. Hujui mashine iko hali gani. Tafuta tungo fupi kabisa ambayo, ukianza popote, inakufikisha hali moja ileile. Hapa kinachotakiwa ni kuisahaulisha mashine ilikotoka. Fuata seti za hali, kama ulivyofanya kwa njia panda, nawe utapata tungo ya herufi tisa. Ján Černý wa Slovakia alionyesha mwaka 1964 kwamba mashine za umbo hili zenye hali n zinahitaji herufi (n − 1)², na dhana ni kwamba hakuna mashine ya hali n, kati ya zile zinazosahaulishika, inayohitaji zaidi ya hapo. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha wala kuleta mfano wa kuipinga. Fanya ya hali tano kwa mkono. Jibu linapaswa kuwa 16.